Neno la Mwisho la Mke wa Mwenye Kinu

Cawdyke, 14 Mei 1816

Nimemaliza. Asubuhi hii, nimekaa juu ya sanduku la mataji, nimeandika neno la mwisho la mke wa mwenye kinu, katika tamthilia yangu. Nikasimama, nikakaa, nikasimama tena. Nje mvua, ndani mvua pia, maana paa la ghala tulilokodi linavuja kila mahali isipokuwa pale Bi Araminta Vale alipoweka kitanda chake.

Nina miaka thelathini na moja. Marehemu baba yangu, mwalimu wa shule, aliniachia mwandiko mzuri na kikohozi. Mwandiko ndio ulionipatia kazi kwenye kundi hili la waigizaji wa kutangatanga: nanakili sehemu za kila mmoja, yaani maneno atakayosema jukwaani. Kikohozi inabidi nikimeze, kwa sababu kazi yangu nyingine ni kukaa nyuma ya pazia na kuwanong'onezea wanaosahau maneno. Mzee Tuckwell, mwenye kundi, huigiza wafalme na mahakimu, na husahau yote. Miaka minne sasa, kila mfalme wa Mzee Tuckwell husema kwa mdomo wangu kwanza.

Tamthilia yangu ni hii. Mwaka wa njaa, mwenye kinu cha kusagia anaficha ngano akingoja bei ipande. Mkewe, mchana kweupe, anawafungulia watu mlango wa ghala. Anashtakiwa. Hakimu anamuuliza kama anajuta. Anajibu: "Sijutii kufungua mlango. Najutia siku zote nilizoufunga." Pazia.

Nilimsomea Edmund Lisle alipokuwa akinyoa ndevu. Edmund ndiye huigiza wapenzi, na hata akiwa na povu shavuni mtu humtazama mara mbili.

"Tabitha," akasema, "hii ni bora kuliko chochote tulichowahi kuigiza. Mzee niachie mimi."

Nimetembea juu ya tuta la mfereji mpaka viatu vikajaa maji. Sikuona baridi.

15 Mei

Mvua. Mzee amekataa.

16 Mei

Sababu zake alinipa leo, akila viazi.

"Nani atalipa kuja kutazama watu wenye njaa, binti yangu? Wanao nyumbani. Niletee mzimu. Niletee dhoruba baharini. Niletee Mturuki mmoja mwenye upanga, nami nitakubusu mikono."

Bi Araminta alikuwa akishona lulu za bandia kwenye gauni la malkia. Akacheka mpaka akajichoma sindano.

"Binti mwalimu kaandika tamthilia! Ina mavazi?"

"Ya mke wa mwenye kinu."

"Yaani aproni."

"Ndiyo."

"Basi mimi usinihesabu. Aproni nilivaa miaka kumi kwenye majiko ya watu, na hakuna aliyenipigia makofi."

Simpendi. Ana miaka hamsini, anaigiza mabinti wa miaka kumi na minane, na kila sehemu mpya lazima nimsomee mimi, kwa sababu mishumaa ati inamwumiza macho. Hata mchana mishumaa inamwumiza macho.

27 Mei

Mvua kila siku tangu tulipofika. Ngano iko kimo cha kifundo cha mguu na ya manjano. Jua lilitokea kidogo jana, jekundu, lina madoa meusi, unaweza kulitazama kwa macho matupu. Watu wakatoka milangoni kulishangaa. Bibi mmoja akasema ni mwisho wa dunia, mumewe akamwambia basi aingie ndani, asiuone peke yake.

Waliokuja kutazama mchezo: wachache kuliko sisi tulioucheza.

Upmarsh, 8 Juni

Tumehama. Leo sitalala mpaka niandike.

Nilitoka na Edmund kutafuta mkate. Mkate hapa umekuwa kama dhahabu, na mwokaji mwenyewe anauuza dirishani, mlango amefunga. Barabara ya mtoni ilikuwa imejaa wanawake, wamesimama kimya, bega kwa bega. Mbele yao gari la farasi lililobeba magunia ya ngano likielekea mashuani, na kutoka hapo kwenda London.

Mmoja wao akatoka mbele. Mwembamba, mikono ya gauni ameikunja, ana kisu cha kukatia matete. Akamshika farasi hatamu, akamwambia mwendeshaji kwa sauti ya kawaida kabisa: "Sogea, baba, usije ukaumia mkono."

Mwendeshaji akasogea. Yule mwanamke akapasua gunia. Ngano ikamwagika, na wanawake wakakinga aproni. Hapakuwa na kelele, hapakuwa na kusukumana, walipanga foleni! Kila mmoja alijaza aproni yake akaenda zake. Watu kando yetu wakasema anaitwa Kezia Munn, mke wa mchimba mifereji.

Nilitaka kuona mpaka mwisho. Edmund akanivuta mkono.

"Twende. Tusionekane hapa."

"Hatujafanya kitu."

"Ndiyo. Na tuendelee hivyo hivyo."

Nikaenda naye. Mpaka sasa mkono nausikia pale aliponivuta. Nimeketi, nimeandika upya onyesho la ghala, nikaweka foleni, na nikaweka "Sogea, baba" kinywani mwa mke wa mwenye kinu. Ni sentensi bora kuliko zote za tamthilia, na si yangu.

11 Juni

Askari wa farasi wamefika. Wamekamata watu watano. Kezia Munn walimkuta anafua nguo.

12 Juni

Mvua.

13 Juni

Mvua. Mzee alisahau jina la nchi anayoitawala.

2 Julai

Edmund amepata njia. Kila mwigizaji hupewa usiku wake mmoja kwa msimu: yeye huchagua mchezo, na kinachoingia mlangoni ni chake. Usiku wake ni tarehe kumi na moja. Atachagua mchezo wangu, ila anaomba mabadiliko madogo. Mke wa mwenye kinu awe anapendwa kisirisiri na nahodha kijana, na nahodha awe na hotuba mbili.

Nimemwandikia hotuba mbili.

4 Julai

Tatu.

6 Julai

Mzee naye, aliposikia usiku ni wa Edmund, amekuja na lake. Mwisho hautakiwi uwe ule. Mke ajute, apige magoti, mwenye kinu aingie mbio mahakamani amsamehe, watu wote wacheze ngoma na fidla.

"Hakimu wa eneo hili ni Bwana Thirkell," akasema. "Bila ruhusa yake sisi ni wazururaji, na wazururaji wanachapwa. Hao Upmarsh waliopasua magunia, yeye ndiye atakayewahukumu. Unataka nimpelekee mwanamke asiyejuta?"

Nimeuandika mwisho wa ngoma. Umenichukua muda mfupi kuliko kumenya kiazi. Baadaye nilitoka kutembea, mvua ikanirudisha. Nikatoka tena, ikanirudisha tena. Mzee nimemwona leo jinsi alivyo: mwoga mwenye taji la karatasi.

11 Julai

Usiku wa Edmund. Ameigiza Maharamia wa Bahari Nyeusi.

Hakuniambia. Nilijua nilipoona tangazo limebandikwa mlangoni. Nikakaa mahali pangu nyuma ya pazia, nikamnong'onezea haramia wake mahali alipokwama.

13 Julai

Edmund ameondoka. Jumba la michezo la Norwich limemwita. Alinikuta nikikunja mapazia.

"Usinichukie, Tabitha. Tamthilia yako ni nzuri mno. Ndiyo maana siwezi kuigiza ndani yake. Mtu mwenye matumaini kama yangu hawezi kuonekana kwenye kitu cha kweli namna ile, mwaka kama huu."

"Ulisema ni bora kuliko chochote."

"Na bado nasema."

Alisema kwa uso mwema, hata nikajikuta namshukuru. Alipofika kwenye kona ndipo hasira zikanijia, na hapakuwa na wa kuzipokea isipokuwa mapazia.

Nimezifuta hotuba tatu za nahodha. Nahodha mwenyewe nimemfuta.

Saltmere, 20 Julai

Kesi ya Upmarsh imesikilizwa hapa mjini. Wanaume wanne wamepewa vifungo. Kezia Munn, miaka saba ng'ambo, kule New South Wales, koloni la wafungwa. Wanasema hakimu alimuuliza kama anajuta, akakaa kimya, na kimya chake ndicho kilichomponza.

Niliposikia nilifurahi. Naandika ukweli: nilifurahi, kwa sababu niliona anafanana na mwanamke wangu.

29 Julai

Jambo la ajabu. Nilikuwa peke yangu stoo nikipanga kofia za chuma, Bi Araminta akaingia akafunga mlango kwa mgongo.

"Ule mchezo wa aproni. Nisomee."

"Unao hapo mkononi, Bi Araminta."

"Nimesema nisomee."

Mchana ulikuwa mweupe, dirisha liko wazi. Karatasi ameishika juu chini. Nikaelewa, na nadhani aliona nimeelewa, kwa sababu akainua kidevu kama malkia anayepelekwa kunyongwa.

"Haya," akasema, "cheka umalize, kisha usome."

Sikucheka. Nilisoma yote. Nilipofika kwa "Sogea, baba" akaniomba nirudie, mara tatu, midomo yake ikinifuata. Nikamsomea mwisho wa ngoma. Akatema mate sakafuni.

"Huo kaandika Tuckwell."

"Nimeandika mimi. Yeye aliuomba."

"Wa kwanza ulikuwaje?"

Nikamwambia. Akakaa juu ya kofia ya chuma bila kuangalia.

"Nilikuwa mpishi kwa mtu mmoja Boston, mji wa huku huku kwetu," alisema. "Mwaka wa tisini na tano, njaa kama hii. Stoo ilijaa, na funguo ninazo mimi, hapa kiunoni. Watoto wa dada yangu wanakuja mlango wa jikoni, nawafukuza. Sikufungua, binti mwalimu. Nilikuwa mtumishi mwaminifu. Walizikwa wawili." Akasimama, akajikung'uta sketi. "Usiku wangu ni tarehe ishirini na mbili Agosti. Nitavaa aproni."

Mwanamke huyu nimemdharau miaka minne.

3 Agosti

Tumekubaliana hivi. Hakimu Thirkell atapelekewa nakala yenye ngoma. Mazoezini tutafanya ngoma. Usiku wenyewe, Mzee, ambaye ndiye anaigiza hakimu, atakapouliza "Unajuta?", mimi nitamwanzishia Bi Araminta maneno ya kwanza ya mwisho ule mwingine. Yanamkaa kichwani yote, lakini hawezi kuanza bila kuanzishiwa, ndivyo alivyozoea.

Mzee hajui. Akijua ataharisha.

10 Agosti

Hakimu amekubali. Amesema mchezo una mafunzo mema na atahudhuria mwenyewe.

14 Agosti

Mvua, na baridi ya Novemba. Ngano inaota ikiwa bado kwenye mabua. Watu wanaivuna kwa mundu ndani ya maji. Sili vizuri. Mchana nainuka kitini, naenda dirishani, narudi. Bi Araminta ananiambia niache kuzunguka kama kuku aliyekosa kiota.

19 Agosti

Nimemwambia Bi Araminta tuache. Kama tukichapwa? Kama Mzee akinyang'anywa ruhusa, na watu tisa wa kundi hili wakakosa kazi?

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Nimemaliza."

"Haya. Nisomee onyesho la pili."

23 Agosti

Jana.

Ghala lilijaa. Walikuja kwa miguu kutoka Upmarsh, wamelowa mpaka mifupani, mvuke ukiwatoka mabegani. Wengine walilipa mayai, wengine viazi, Mzee akapokea vyote akiguna. Mbele kabisa, kwenye kiti pekee chenye mikono, Hakimu Thirkell: mtu mdogo, safi, na leso ya harufu nzuri kwa sababu yetu sote.

Onyesho la kwanza watu walicheka. Mwenye kinu wetu ni Cobb, mchekeshaji, na alipobusu gunia akalilaza kitandani na kulifunika blanketi, hata hakimu alitabasamu. Kisha Bi Araminta akaingia. Sikuwahi kumwona bila lulu. Aproni, mikono ya gauni imekunjwa, mvi zake zote nje. Akaushika mlango wa ghala na kumwambia Cobb, "Sogea, baba, usije ukaumia mkono."

Hakuna aliyepiga makofi. Nilisikia watu wakivuta pumzi, safu baada ya safu mpaka nyuma kabisa. Hakimu akaondoa leso puani.

Tukafika mahakamani. Mzee amevaa wigi la hakimu, limemkaa upande. Na hapo ndipo mvua ikashuka. Miezi mitatu imenyesha, lakini si hivyo. Ilikuwa kama mtu anamwaga changarawe juu ya paa.

Mzee akauliza, akipiga kelele: "Mwanamke, unajuta?"

Bi Araminta akageuza shingo kidogo upande wangu. Nikanong'ona: "Sijutii kufungua."

Hakusikia. Nikasema kwa sauti. Hakusikia. Uso wake ulikuwa mtupu kama sahani, macho yananitafuta nyuma ya pazia. Nikapaza. Mvua ikala maneno yote.

Mzee akadhani amesahau mstari wake wa majuto. Akanikazia macho: fanya kazi yako, wewe! Akauliza tena: "Unajuta?"

Miguu yangu ndiyo iliyoamua. Nilitoka nyuma ya pazia na shali yangu yenye matundu, nikasimama kwenye mwanga kando ya Bi Araminta, na nikasema kwa sauti ambayo sikujua ninayo: "Sijutii kufungua mlango. Najutia siku zote nilizoufunga."

Bi Araminta akanishika mkono. Akayachukua maneno akayasema upya, polepole, sasa ni yake, na ghala zima likasikia juu ya mvua. Nilijua anawaambia nani: wale wawili wa mlango wa jikoni.

Mpiga fidla wetu, ambaye hakuna aliyekumbuka kumwambia, akaanza ngoma. Alipiga kidogo, akatazama nyuso, akaishusha fidla magotini.

Nyuma, mwanaume mrefu aliyebeba mtoto akavua kofia. Wengine nao wakavua.

Hakimu Thirkell akasimama. Hakupaza sauti, alingoja mvua ipungue, na ilipungua, kana kwamba hata yenyewe inamwogopa.

"Katika nakala niliyoletewa, mwanamke anajuta na watu wanacheza. Nani ameandika haya?"

Nikafungua mdomo.

"Mimi," akasema Mzee Tuckwell.

Alikuwa bado na wigi. Mahakimu wawili, uso kwa uso, na wa karatasi ndiye mnene zaidi.

"Mimi, mheshimiwa. Nilibadilisha leo mchana. Sisi waandishi ndivyo tulivyo, hatutulii."

"Wewe? Basi yaseme tena, tuyasikie kwako."

Mzee akanitazama, na mimi sikunong'ona, sikuthubutu kunong'ona. Akayasema yote, neno kwa neno, mikono imetulia mbavuni. Tangu nimjue, sijawahi kumsikia akimaliza mstari bila mimi.

Akachukuliwa papo hapo. Mwezi mmoja gerezani kwa uzururaji, na kundi lisionekane tena katika eneo hili. Mlangoni nilimshika mkono wa koti, nalia.

"Kwa nini, Mzee? Hata hukujua!"

"Kundi ni langu. Kila neno linalosemwa kwenye jukwaa langu ni langu, zuri na baya." Akasogeza mdomo sikioni mwangu. "Wewe wangekufunga nyuma ya mkokoteni wakuchape mjini kote, mjinga wewe. Na ukiniletea chakula, usilete samaki."

25 Agosti

Tumejificha kwenye banda la mkulima nje ya mpaka wa eneo. Bi Araminta ameuza lulu.

31 Agosti

Gazeti la huku limeandika mistari minne. "Mchezo wa uchochezi, ulioandikwa na J. Tuckwell, mzururaji." Kwa mara ya kwanza maneno yangu yametajwa kwenye karatasi iliyochapwa, na jina ni la Mzee. Nilingoja wivu uje. Uliokuja ni mdogo, ukakaa kidogo, ukaondoka.

12 Septemba

Nimekwenda gerezani Saltmere. Bi Araminta alinifunga kitambaa kichwani nisitambulike, akanipa mkate wa shayiri na kipande cha nguruwe wa chumvi.

Mzee amekonda. Alikula kwanza, kisha akasema: "Sasa nisomee huo mchezo nilioandika. Wafungwa wananiuliza mambo, na mimi nilikuwepo mahakamani tu, mengine nilikuwa mlangoni nahesabu mayai."

Nikamsomea kwenye nondo za uani. Upande wa pili wa ukuta mfupi ni ua wa wanawake, na kuna dirisha la chuma kati. Sikujua kuna wanaosikiliza mpaka walipocheka nilipofika pale mwenye kinu anapolilaza gunia. Nilipomaliza, sauti ikatoka dirishani.

"Wewe ndiye uliyetoka nyuma ya pazia?"

Nilimtambua kwa mikono ya gauni kabla ya uso. Bado ameikunja.

"Ndimi."

"Obed, mume wangu, alikuwepo. Kaniambia mmetia hata lile la 'sogea, baba'."

"Nililichukua bila kukuomba, Bi Kezia. Nilikuwepo barabarani siku ile. Nisamehe."

"La kusamehe nini? Nilimwambia hivyo kwa sababu mzee wa watu mkono wake ni mbovu, tunamjua." Akasogea karibu. "Ule mwisho. Hebu useme tena."

Nikausema. Nilijiona nampa zawadi. Aliusikiliza wote, kichwa ameinamisha.

"Maneno mazuri," alisema. "Anaweza kuyasema mtu asiye na watoto."

Nikazikunja karatasi.

"Mimi nilijuta, dada. Nilianza kujuta sijafika nyumbani na ile ngano. Mwanangu wa mwisho hajatembea bado. Nikirudi, kama nitarudi, ataniuliza mimi ni shangazi yupi. Ningejua, ningelipita lile gari nikatazama pembeni, na wenzangu wangekula au wasingekula, shauri yao."

"Lakini hakimu alipokuuliza, ulinyamaza. Wanasema ungesema tu unajuta, angekupunguzia."

"Aliniuliza ili anisikie nikisema, si ili ajue." Alizungumza taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Majuto yangu ni ya wanangu. Yule nimpe ya nini?"

Mlinzi akagonga nondo. Kezia akaniuliza haraka kama nitapita Upmarsh, nikasema tumekatazwa. Akasema basi. Kisha akaomba nirudie pale mwenye kinu anapolifunika gunia blanketi, kwa sababu kuna mmoja wao alikuwa anakohoa na hakusikia vizuri. Nikarudia. Wakacheka tena, na yeye akacheka, mkono mdomoni, mpaka mlinzi akawaingiza ndani.

13 Septemba

Nimetembea siku nzima.

19 Septemba

Wamempeleka Kezia Munn pwani, kwenye meli. Tumesikia kwa mwendesha gari. Obed alimfuata kwa miguu, watoto amebeba, mpaka alipoambiwa arudi.

Sikuandika neno lingine leo.

Nje ya mipaka, 23 Septemba

Mzee ametoka. Amewakumbatia wote, hata farasi. Anasema onyesho la tatu la mchezo ni refu. Ana haki ya kusema, ametumikia kifungo kwa ajili yake. Kuna mji kusini ambao hakimu wake hajali michezo ilimradi asiitwe kuitazama, na Mzee anataka tuanze na Mke wa Mwenye Kinu. Aliniuliza tangazo liandikwe jina la nani. Nikamwambia langu. Akafurahi, amesema mwaka huu hana nguvu ya kuandika kingine.

Leo mchana tulifanya mazoezi kwenye banda, milango wazi, mvua nje. Kabla hatujaanza nilimwambia Bi Araminta nimefuta mstari wa mwisho.

"Ule wangu?" Akaweka mikono kiunoni. "Umeninyang'anya neno bora kuliko yote niliyowahi kusema. Sasa akiniuliza kama najuta, nijibu nini?"

"Usijibu."

"Nimesahau, au?"

"Hujasahau. Unajuta mpaka moyo unakuuma. Lakini si yeye utakayemwambia."

Alinitazama. Nilidhani atanitupia kitu. Akavua shali, akakunja mikono ya gauni, akaenda kusimama mahali pake.

"Ninyamaze kwa muda gani?"

"Mpaka yeye atazame chini."

Mzee akavaa wigi, akajiweka sawa, akauliza swali lake kwa sauti nene ya wafalme wote aliowahi kuwa. Bi Araminta akamtazama tu. Cobb aliacha kutafuna. Sikuwa na kitu cha kunong'ona, nikakaa na karatasi tupu magotini, nikingoja kama wengine.

Mzee alitazama chini. Baadaye alidai alikuwa anatafuta mstari wake.